Nilimwachia

Mwalimu Avelina hakuwahi kumwamini mtu anayesema kikombe kimevunjika. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo vikombe vya ofisini, vioo vya madirisha na miguu ya madawati vilikuwa vikivunjika vyenyewe kila wiki, kana kwamba vitu vya shule vina ugonjwa wao. "Hakuna kinachovunjika," aliwaambia wanafunzi, chaki ikigonga ubao. "Kuna kinachovunjwa. Nipe mtenda!" Na mtenda alipatikana, maana mtoto ukimkazia macho muda wa kutosha atajitaja hata kama siye. Hilo la mwisho Mwalimu hakulifikiria sana.

Alipostaafu alitulia kwake Kipawa, mitaa ile ambayo ndege zinapita juu ya bati chini kiasi cha kuyaona matairi. Mgeni akifika huziba masikio. Wenyeji hunyamaza tu. Mtu yuko katikati ya neno, anasimama, ndege inapita, anamalizia neno lake, na hakuna anayeona ajabu. Ila wapo wasiosimama. Wanaendelea kusema humohumo ndani ya kelele, na anayewasikiliza anajijazia.

Mumewe, Mzee Kamugisha, alikuwa karani bandarini, mtu wa tai na maneno mengi. Mwaka jana kiharusi kilimshika upande wa kulia. Kilichukua mkono, kikachukua nusu ya mguu, na maneno yote kikayafagia isipokuwa moja: mwenyewe. Kwa nini hilo na si jingine, daktari hakujua. Akitaka uji, mwenyewe. Akiumwa, mwenyewe. Padri alipomletea komunyo na kusema, "Mwili wa Kristo," mzee alijibu kwa heshima zake zote, "Mwenyewe," na Padri akaona hilo nalo linafaa.

Wa kumhudumia alikuwa Chausiku, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Mzaramo wa Chanika, aliyesomea kozi ya kuwatunza wagonjwa majumbani. Miezi minane alikuwa akimwamsha mzee, akimwogesha na kumtembeza kwa kumshika mkono, na hakuwahi hata kumchubua. Hakuwa mwongeaji. Mwalimu kwanza alisema hiyo ni adabu. Baadaye akasema ni siri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jumuiya ya kanisani ilikuwa isali kwao. Asubuhi Mwalimu alimvalisha mumewe mwenyewe. Alimtia shati jeupe, akamfunga vifungo kuanzia chini, na alipofika kile cha shingoni akamwambia maneno mawili matatu ya Kihaya, ya mke na mume, yasiyomhusu Chausiku aliyekuwa amesimama pembeni na kiatu mkononi. Kisha akaenda uani kuhesabu viti.

Huko ndiko alikosikia kishindo. Hakikuwa kikubwa, kama gunia la mkaa likishushwa. Alipofika mbele alimkuta mumewe amelala chini ya zile ngazi tatu za barazani, mguu umegeukia kusikostahili. Chausiku alikuwa ngazi ya juu, mikono ameinyoosha mbele, mitupu. Na getini, Biblia kwapani, alikuwa anaingia Eufrazia, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke ambaye macho yake hayajawahi kuchelewa popote.

"Ilikuwaje?" Mwalimu alipiga kelele.

"Nilimwachia..." alisema Chausiku, na ndege ikapita.

Midomo yake iliendelea kucheza. Mwalimu aliiona. Lakini ndege ilipomaliza mzee alikuwa analia lile neno lake moja, watu wanatafuta gari, na hakuna aliyerudi nyuma kumalizia sentensi.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Au imevunjwa, kama utamuuliza Mwalimu.

Eufrazia alikuja hospitalini jioni ileile na chupa ya chai. "Dada yangu, mimi siongezi wala sipunguzi," alisema, na mtu akianza hivyo jua anakuja kuongeza. "Nilichokiona ni mikono. Mikono ilikuwa mitupu. Mtu anayeshikwa akiteleza, anayemshika naye si angevutwa? Angalau ngazi moja! Huyu alisimama kama mlingoti."

"Amesema mwenyewe," alijibu Mwalimu. "Nilimwachia. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Eeh! Na ile ruhusa uliyomnyima?"

Hapo Mwalimu akakumbuka. Wiki iliyotangulia Chausiku aliomba Jumamosi hiyohiyo aende Chanika, mdogo wake anaolewa. Mwalimu alimkatalia kwa sababu ya jumuiya. Chausiku alisema, "Sawa, Mwalimu," akaendelea kukunja nguo. Ile sawa sasa ilimrudia Mwalimu masikioni. Ilikuwa sawa ya namna gani ile? Mtu ananyimwa harusi ya ndugu yake, anasema sawa tu?

Ukishamshuku mtu, hata akikohoa ametia neno. Chausiku alizipiga deki zile ngazi kwa sabuni siku ya ajali. Mwalimu akajiuliza alikuwa anafuta nini. Chausiku aliacha kula mezani, akawa anakula jikoni. Mwalimu akasema dhamiri inamsuta. Chausiku alizungumza na simu kwa sauti ya chini huku mgongo ameupa mlango, Mwalimu akasimama nyuma ya mlango huo dakika nzima, akaambulia "mama" na "hanisemeshi." Alichukua daftari la mistari na kalamu nyekundu, zile zana zake za zamani, akaanza kuyaandika yote kwa tarehe.

Siku ya tatu alimkalisha.

"Hebu nieleze upya."

"Mwalimu, mie nilikwambia siku ileile," alisema Chausiku, macho chini. "Na Mama Eufrazia alikuwepo."

"Uliniambia ulimwachia."

"Ndiyo. Nilimwachia."

Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: *Amekiri.* Akapiga mstari chini yake.

Nami hapa naomba nimshike shati huyu mama, maana kosa alilofanya hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza asingelifanya. Kuacha ni kuacha. Ukikinyambua kitenzi kikawa kuachia, lazima kiwe na kitu nyuma yake. Ulimwachia nini? Ulimwachia mkono, akaanguka? Au ulimwachia aamue mwenyewe? Kitenzi ni kimoja, na kati ya maana hizo mbili kuna mahabusu. Yeye aliyewachapa watoto kwa ajili ya yambwa, yaani kile kinachotendwa, iliyokosekana kwenye sentensi hakuuliza yambwa iko wapi. Hakuuliza kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari, na mtu mwenye jibu huona swali ni usumbufu.

Mwanawe Isack alipiga simu kutoka Dodoma. "Mama, huyo peleka polisi. Leo baba, kesho atamwachia mzee wa mtu mwingine." Mwalimu alimwambia amsubiri baba yake arudi nyumbani kwanza. Wiki mbili zilipita, mzee akarudi na chuma nyongani, kitanda chake kikawekwa sebuleni. Barua ya kumshtaki Chausiku ilikuwa tayari: Jumatatu ofisi ya serikali ya mtaa, kutoka hapo kituoni. Chausiku aliijua barua hiyo. Alijua pia kwamba mtunza wagonjwa aliyeandikwa polisi kwa kumwangusha mgonjwa hatapata mgonjwa mwingine mjini hapa, hata akitoka mahabusu ana miguu yote miwili. Hakutoroka. Hilo nalo Mwalimu aliliandika daftarini, na pembeni akaweka alama ya kuuliza.

Jumapili alasiri akaja mama yake Chausiku, Bi Zubeda, na kikapu cha mihogo na nazi. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu kiti."

Zubeda hakukitazama kiti. Alikaa chini kwenye mkeka, akakunja miguu, akafunika magoti kwa kanga. Chausiku alisimama kwenye mlango wa jikoni. Mzee alikuwa kitandani, amevalishwa shati lake jeupe kwa kuwa ni Jumapili, anawatazama wote.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Zubeda.

Moyo wa Mwalimu ukaruka kwa furaha, na furaha yenyewe haikuwa nzuri. Aliiona kalamu nyekundu mezani. "Kwa hiyo mnakubali binti yako alimwangusha."

"Sijasema hivyo."

"Kama hakumwangusha, radhi ya nini?"

Zubeda alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu wanaoga. "Mwalimu, mzee alikuwa mkononi mwa nani? Si mwa mwanangu? Kaanguka kutokea mkono gani? Si huohuo? Kutaka, hakutaka. Lakini sie kwetu radhi haisubiri mpaka apatikane aliyetaka. Utasubiri mpaka kiama."

"Basi na ngazi iombe radhi."

"Ingekuwa na mdomo ingeomba."

Mwalimu alijisikia yuko darasani, na kwamba darasa halimwelewi. "Mama Chausiku, mnachanganya mambo. Kuna bahati mbaya na kuna kosa. Mwenye hiari ndiye mwenye kosa. Ngazi haina hiari. Binti yako anayo. Asiye na kosa haombi radhi, na anayeomba radhi anajua alichofanya. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Haya," alisema Zubeda bila kukasirika. "Na Baba naye anayo hiari?"

"Baba ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa mguu na ulimi. Hiari nayo imepooza?"

Na Chausiku, ambaye kwa wiki mbili hakuwa amesema sentensi ndefu, akasema kutoka mlangoni: "Mie si nilikwambia, Mwalimu? Nilimwachia atembee mwenyewe. Alitaka mwenyewe."

"Hukusema hivyo."

"Nilisema!"

"Ulisema ulimwachia. Basi."

"Nikaendelea. Ndege ilikuwa inapita."

Mwalimu aliiona tena ile midomo ikicheza ndani ya kelele. Lakini shaka ikikaa wiki mbili haitoki kwa kuambiwa kwaheri. Wiki mbili za kumtafuta mtenda, aliwaza, kweli angemkosa? "Mzee anasema mwenyewe kwa kila kitu," akasema. "Akisema mwenyewe anataka choo, unamwachia aende mwenyewe?"

"Hapana. Siku zote akisema, namshika. Siku ile ilikuwa tofauti." Chausiku aliinua mkono wake wa kushoto kuonyesha. "Alinitazama usoni. Akavitoa vidole vyangu, kimoja kimoja, kwa ule mkono wake mzima. Ndiyo akasema. Miezi minane hajawahi kuukataa mkono wangu, Mwalimu. Nikaona haya kumng'ang'ania mtu mzima kwa nguvu. Akashuka ngazi ya kwanza vizuri. Ya pili vizuri. Ningemshika tu, najua. Kila siku nalala nayo hiyo." Akafuta pua kwa kanga. "Ila sijui siku ile kilimwingia kitu gani."

Shingo ya Mwalimu ilikuwa imeanza kumwasha.

"Tunabishana nini wakati mwenyewe yuko hapo?" alisema Zubeda. "Muulizeni."

Mwalimu alisogea kitandani haraka, akifurahia kuwa na kazi ya kufanya. "Baba Isack. Nani alikuangusha?"

"Mwenyewe," alisema mzee.

"Mnaona? Hilo si jibu. Baba Isack, nani kapika uji leo?"

"Mwenyewe."

"Mimi naitwa nani?"

"Mwenyewe."

"Ushahidi gani huo!" Mwalimu aliwageukia. "Kwa neno hilo anaweza kufungwa yeyote na kuachiwa yeyote."

Zubeda alijivuta kwenye mkeka mpaka karibu na kitanda. "Baba, mdomo uache upumzike. Una mkono mmoja mzima. Mshike aliyefanya ukaanguka."

Mzee alimtazama Zubeda. Akamtazama Chausiku, ambaye alikuwa amesogea na kuunyoosha mkono wake kabisa, tayari kushikwa, uso umelowa. Mkono wa kushoto wa mzee uliinuka, ukaupita mkono wa Chausiku, ukamshika Mwalimu Avelina kiganjani. Ukauvuta mkono huo taratibu mpaka kwenye shati jeupe, shingoni, ukauweka juu ya kifungo.

"Anasikia joto, masikini," alisema Zubeda. "Mfungulie."

Chausiku alikwenda kuongeza feni. Hapakuwa na mtu Kipawa nzima aliyejua maana ya kifungo kile, isipokuwa wawili, na mmoja wao hakuwa na maneno.

Yale maneno ya Kihaya yalikuwa haya: *Leo usitoke umeshikwa kama mtoto mbele ya watu. Toka mwenyewe, kama bado ni mume wangu.*

Aliyasema huku akitabasamu, kwa kuwa Chausiku alikuwa anatazama. Na alikuwa na sababu. Jumapili ya kabla yake Eufrazia alimwambia mbele ya wanawake wa jumuiya, "Siku hizi mzee wako analelewa, eeh?" wakacheka, naye aibu ikamla wiki nzima. Basi si ni Eufrazia? Na ngazi ya tatu fundi Albano aliijenga fupi kuliko zile mbili, kila mtu anajikwaa hapo; si ni Albano? Na Kamugisha mwenyewe angeweza kumpuuza. Miaka arobaini alikuwa akipuuza maneno yake mazito kuliko hayo. Kwa nini ayasikie siku hiyo? Na Chausiku si amesema angemshika tu? Mnyororo ulikuwa mrefu, na kila pete aliyoigusa ilikuwa na jina la mtu mwingine. Hakuna aliyemsukuma mtu. Yalikuwa maneno tu. Yalimtoka.

Yalimtoka.

Mwalimu Avelina aliisikia kauli hiyo kichwani mwake. Maneno hayatoki. Maneno husemwa. Kwa miaka thelathini na minne angemrudisha mtoto kitini kwa sentensi kama hiyo. Nipe mtenda!

Wiki mbili alikuwa amemkagua Chausiku mpaka namna anavyokunja nguo, na muda wote huo, sasa aliona, hakuwahi kujiuliza kwa nini hamu yake ya kumpata mtenda ilikuwa kubwa namna ile. Aliona haya. Aliogopa pia. Angeweza kukifungua tu kile kifungo. Zubeda keshasema ni joto. Barua angeichana, aonekane mwenye huruma, Chausiku angeshukuru, Eufrazia angemsifu kwa ukristo wake. Mzee asingesema kitu. Asingeweza.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema Mwalimu.

Alisema kwa sauti ndogo, na wakati huohuo bati likaanza kutetemeka. Hakusimamisha neno kama wenyeji wanavyofanya. Aliendelea humohumo ndani ya kelele, akayasema yote, Kihaya na maana yake, jumuiya na aibu na kifungo, macho ameyakaza ukutani. Ndege ilipita juu yao ikachukua muda wake. Ilipomaliza, alikuwa amemaliza.

Zubeda na Chausiku walikuwa wanamtazama, wanasubiri.

"Unasemaje, Mwalimu?" aliuliza Chausiku. "Sijasikia."

Hakuna aliyesikia. Alikuwa ameshayasema na hayakusikika, na sasa angeweza kujibu chochote: nasema joto kali leo. Kalamu nyekundu ilikuwa palepale mezani. Mkono wa mumewe ulikuwa bado umemshika, lakini haukumvuta wala kumbana. Ulikuwa umelala tu juu ya mkono wake. Alikuwa amemwachia.

Mwalimu aliyatoa macho ukutani, akamtazama Chausiku. "Nasema hivi," alisema, safari hii kwa sauti ya darasani. "Asubuhi ile, nilipokuwa namfunga kifungo hiki, nilimwambia kwa Kihaya atoke mwenyewe kama bado ni mume wangu. Niliona aibu watu wamwone ameshikwa. Nilijua mguu wake haumbebi. Nilisema nikijua. Chausiku, hakikumwingia kitu. Nilimwingizia mimi. Na nikakuandikia barua wewe."

Chausiku aliweka mkono kifuani, akavuta pumzi ndefu, akalia kwa sauti. Kilikuwa kilio cha hasira vilevile, na alikuwa na haki nacho. "Wiki mbili, Mwalimu," alisema. "Wiki mbili hunisemeshi!" Zubeda hakumnyamazisha.

Mwalimu alilifungua daftari, akaitoa barua, akaichana vipande vinne. Ilikuwa rahisi mno, akajua haitoshi. Alitaka kusema samahani, lakini neno aliliona dogo, tena alikuwa amesimama, na waliomzunguka mmoja yuko kitandani, mmoja chini. Zubeda akamwelewa. Akajisogeza, akaacha nafasi kwenye mkeka.

"Radhi inaombwa chini, Mwalimu," alisema kwa upole.

Mwalimu Avelina hakuwa amekaa chini tangu mwaka aliostaafu. Alishika ukingo wa kitanda, akajaribu, goti likakataa. Chausiku, macho bado mekundu, pua bado inamtoka, alikuja upande wake na kumpa mkono, kwa mazoea ya kazi tu. Mwalimu alikuwa karibu kusema *acha, nitakaa mwenyewe.* Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akaanza kushuka.

"Usiniachie," alisema.